Wahakiki wa Njaa

Nchi ninayoitaja haipo, na msomaji atakayedhani anaijua ajue kuwa ameifananisha. Inaitwa Jamhuri ya Karibuni. Ina bendera, ina bunge, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko madaraja yake, na ina sifa moja ambayo hata maadui zake hawaipingi: mgeni haondoki na njaa. Anaweza kuondoka na homa ya matumbo, anaweza kuondoka bila saa yake ya mkononi, lakini njaa ataiacha palepale kwa mwenyeji.

Sifa hiyo ilikuwa mali ya wananchi tangu enzi za mababu. Serikali ilipoona kwamba ni mali nzuri, ikaitaifisha. Magari yote ya wizara yakaandikwa mlangoni, kwa rangi ya dhahabu: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kwa kuwa siku zote serikali ndiyo iliyokuwa safarini na wananchi ndio waliokuwa nyumbani, hapakuwa na ubishi nani ni mgeni na nani ni mwenyeji. Ile methali nyingine, inayoanza na mgeni siku mbili, waziri aliifuta kipande chake cha mwisho, kile kinachotaja siku ya tatu na chombo cha kulimia, akasema kinadhoofisha umoja wa kitaifa. Shuleni watoto walifundishwa kusema "mgeni siku mbili" kisha kufunga mdomo.

Katika kijiji cha Nyasimbi, mbali na lami, aliishi mjane aitwaye Nyamizi. Zamani alikuwa na wana na wakwe. Wakafa wote, mmoja baada ya mwingine, na redio ya taifa ikatangaza kila msiba kwa maneno yaleyale, kwamba marehemu aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Karibuni watu hawafi kwa kitu kingine. Mtu angelala kitandani miaka, akakonda hadi akabebwa kama mtoto kupelekwa juani, na mwishowe redio ikasema muda mfupi. Neno UKIMWI lilikuwepo kwenye mabango tu, na mabango yalikuwa mjini.

Huo muda mfupi ulimwachia Nyamizi mjukuu mmoja, Kabula, aliyezaliwa na virusi damuni. Ukapita na kwa majirani pia, na watoto wa majirani, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, wakafuata moshi. Moshi wa asubuhi ulikuwa ukitoka kwa Nyamizi. Alipika uji, wakanywa, kesho yake wakarudi. Hakuna mtu aliyeamua lolote.

Kabula alikuwa na shingo nyembamba na maswali mengi. Alimeza dawa asubuhi na jioni. Dawa zilitolewa bure kwenye zahanati, na kwa hilo Nyamizi aliishukuru hata serikali. Chakula cha kuzimezea hakikutolewa.

"Dawa hizi ni kali, bibi," muuguzi alimwambia. "Akimeza tumbo likiwa tupu, zinarudi. Na zikirudi ni kama hajameza."

Kwa hiyo Nyamizi alifuga kuku na mbuzi wa maziwa, na maziwa ya mbuzi yule yaliingia kwenye uji wa Kabula kabla mtoto mwingine hajagusa kikombe. Dawa zikakaa. Mwaka ule Kabula akaota mashavu, na bibi yake alikuwa akiyatazama kwa siri kama mkulima anavyotazama mahindi yanavyochomoza, akiogopa kuyasifu yasije yakasinyaa.

*

Akina mama wengine walimsaidia, huyu kwa kuni, yule kwa mihogo. Kikundi chao hakikuwa na jina hadi siku Mama Debora aliporudi kutoka mnadani na habari. Mama Debora alikuwa amewahi kukaa mjini na alijua kuzungumza na watu wenye tai.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wazee fulani wa nchi ya mbali, nchi ya baridi na huruma, walikuwa wameoka keki, wakaziuza kanisani kwao, wakachanga pesa kwa ajili ya watoto walioachwa na ule ugonjwa. Wakasema pesa hizo zisikae kwa wakubwa, ziende chini, kwa akina mama wenyewe wanaokoroga uji. Ndiyo maana Karibuni iliziita Ruzuku za Ngazi ya Chini Kabisa. Pesa zikafika salama kwenye ngazi ya juu kabisa, zikaanza kushuka, na kwenye kila kipago cha ngazi kulikuwa na mtu amekaa.

"Tukiipata hiyo, mama, tunanunua ng'ombe," Mama Debora alisema. "Kabula hatakosa maziwa hata kiangazi."

Neno hilo ndilo lililomwingiza Nyamizi katika jambo hili. Kiangazi mbuzi hukauka, na yeye kila mwaka alikingoja kiangazi kama mtu anayengoja mdai.

Sharti la ruzuku lilikuwa moja, na lilikuwa la haki. Wizara ya Uhitaji ilikuwa imeshadanganywa mno na watu wanaojifanya masikini, kwa hiyo ilitaka kuiona njaa kwa macho yake, palepale inapoishi. Njaa ya kuandikwa haikukubaliwa tena. Basi kikundi kikajipa jina la Tuwalee, Mama Debora akapeleka ombi, na Nyasimbi ikakaa kungoja wageni.

*

Wa kwanza kuja walikuwa Wahakiki wa Awali, wakiongozwa na Bwana Faustini, Afisa wa Kuthibitisha Njaa, mtu mpole mwenye tumbo la kuaminika. Watoto wakaimba wimbo wa kuwakaribisha. Kabula, kwa sababu alikuwa na adabu, alipewa kazi ya heshima ya kuwanawisha wageni mikono, birika mkono huu, beseni mkono ule, taulo begani. Hakumwaga hata tone.

"Baba wa huyu alikufa kwa nini?" Bwana Faustini aliuliza huku akinawa.

"Aliugua kwa muda mfupi, baba," Nyamizi akajibu, kama redio ilivyosema.

"Muda mfupi haumo kwenye mwongozo wetu. Ruzuku hii ni ya walioathiriwa na UKIMWI."

"Ndio huohuo, baba."

"Mbona serikali ilitangaza muda mfupi? Au unataka kusema serikali ilidanganya?"

Mama Debora akaingia na kuku, na swali likaahirishwa.

Majogoo wote walikwenda siku hiyo. Katika nchi ya Karibuni wageni hula ndani na watoto husubiri nje, na chochote kinachobaki ndicho chao. Ni adabu, na hakuna aliyewahi kuilalamikia, kwa sababu wanaoweza kulalamika huwa wako ndani. Kilichobaki siku ile kilikuwa harufu.

Baada ya muda jibu likaja. Wahakiki walikuwa wameiona njaa ya Nyasimbi, lakini walisikitika kusema ni njaa ya wastani. Kikundi kilichinja kuku kwa ajili ya wageni, na kikundi kinachochinja kuku kinajiweza. Ilibidi njaa hiyo itazamwe na macho makubwa zaidi.

"Basi hao wanaokuja tusiwape kitu," Nyamizi alisema. "Si njaa ndiyo wanayotaka kuiona?"

Mama Debora alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. "Mgeni atoke kwako na njaa, mama? Kwako wewe? Tutaificha wapi sura?"

Na Nyamizi alijua kuwa ni kweli. Mama yake mzazi aliwahi kumpikia mpita njia mbegu zilizotengwa za kupandia, na hadi leo watu wa Nyasimbi walimtaja marehemu yule kwa mbegu zile. Kuna aibu ambazo mtu hawezi kuzibeba hata kama zina faida.

*

Wa pili walitoka wilayani, na hao hawakuwa watu wa kuku. Magari yalikuwa mengi, kwa sababu ndani yake kulikuwa na Mhakiki wa Njaa, Mhakiki wa Wahakiki, mtu wa itifaki, na mtu aliyekuja kwa kuwa gari lilikuwa na nafasi. Kiongozi wa msafara aliitwa Bibi Leokadia, mwenye kitenge kipya na sauti ya mkutano wa hadhara. Akina mama wakatazamana, kisha wote wakamtazama mbuzi.

Mbuzi mwingine hakuwepo. Nyamizi alikwenda nyuma ya nyumba, akajiambia kwamba ng'ombe yuko njiani, kwamba mkono mtupu haulambwi, kwamba anayetaka cha mvunguni sharti ainame. Alikuwa na methali za kutosha siku hiyo. Akarudi, akamkabidhi jirani kisu.

Kabula alikuwa ndiye anayemkatia mbuzi yule majani kila jioni. Hakulia. "Bibi, na maziwa?" aliuliza.

"Ng'ombe anakuja."

Kabula akaenda kuchukua birika.

Bibi Leokadia alihutubia akiwa na ubavu mkononi. "Ndugu zangu," alisema, "mtoto wa leo ni mzazi wa kesho, na yatima wa leo ni yatima wa kesho. Serikali yenu inawapenda. Inawapenda kiasi cha kufunga safari kuja kuwaona mkiwa na njaa, jambo ambalo serikali nyingi duniani zinaona haya kulifanya." Watoto nje wakapiga makofi, maana walikuwa wameagizwa kwamba kila sauti ikitua wapige makofi. Wakati wa kuondoka, Bibi Leokadia aliuliza kwa unyenyekevu kama lile paja lililobaki lina mwenyewe. Wakamfungia.

Jibu la safari hiyo lilikuwa la kutia moyo. Wilaya ilikuwa imegundua, kwa njia za kitaalamu, kwamba njaa ya Nyasimbi imeongezeka sana tangu uhakiki wa awali. Haikueleza sababu, kwani kazi yake ilikuwa kupima. Ilibaki hatua moja tu, Mkurugenzi mwenyewe aje kuiidhinisha.

*

Baada ya mbuzi kuondoka, uji ukawa maji yaliyopakwa rangi. Dawa za Kabula zikaanza kurudi. Asubuhi Nyamizi alimshika mgongo nyuma ya nyumba, mtoto ameinama, na mtoto alipomaliza kutapika, bibi alitazama kidonge kwenye vumbi na kuwaza kama mtu anaweza kukiosha akakimeza tena. Mara moja walijaribu. Muuguzi akamwambia asikate tamaa, amlishe vizuri. Mashavu yakaondoka kimyakimya, kama yalivyokuja.

Nyamizi aliona haya. Aliona haya mbele ya mjukuu wake, na mtu mzima akimwonea haya mtoto hawezi kumtazama usoni wakati wa kula. Alifanya kila alilofundishwa, na kila alilofundishwa lilikuwa limemwondolea mtoto kitu mdomoni.

Ikaja habari kwamba Mkurugenzi anafika. Dokta Evarist Lwampisi, Mkurugenzi Mkuu wa Uhitaji, alikuwa amesomea njaa katika nchi ambayo haina njaa kabisa, ili asiwe na upendeleo. Mtu wa itifaki alitangulia kueleza kuwa mheshimiwa hana makuu katika chakula. Kuku wa kienyeji wachache na wali vingemtosha.

Kuku waliobaki walikuwa mitetea, nao walikuwa wanalea. Wakachinjwa, na vifaranga wakafunikwa kwa tenga walie humo. Mchele Mama Debora aliukopa. Turubai likafungwa, kochi likaletwa kutoka kwa diwani ili Mkurugenzi asiketi kwenye umasikini moja kwa moja. Watoto wakapangwa mstari tangu asubuhi, na kwa kuwa chungu cha mgeni hakifunuliwi mgeni hajafika, hakuna aliyekula. Kabula alimeza dawa zake kwa maji ya moto yenye chumvi. Zikarudi.

Mkurugenzi alifika vivuli vimeshaanza kurefuka. Watoto waliimba wimbo wa kukaribisha kwa sauti zilizobaki. Kisha akahutubia, kwa maana hotuba hupendeza zaidi tumbo likiwa jepesi, lake na la wasikilizaji. Alisema taifa halitamwacha yatima nyuma. Alisema amesafiri barabara mbaya mno kwa sababu ya upendo, na kwamba barabara hiyo pia itahakikiwa. Mpiga picha wa wizara akazunguka akimpiga picha kila upande. Mwishowe mheshimiwa akaketi, akakunja mikono ya shati, akaitazama meza.

Kabula akatoka na birika. Alipiga goti mbele ya Mkurugenzi kama alivyofundishwa, akainua birika, na mikono ikaanza kutetemeka. Maji yakalikosa beseni, yakaingia kwenye kiatu cha mheshimiwa. Akina mama wakashika vinywa.

Mkurugenzi hakukasirika. Watu walisema baadaye kwamba ana moyo mkubwa. Alimshika Kabula kifundo cha mkono, akakiinua juu ili wote wakione.

"Tazameni," alisema kwa furaha ya kweli. "Hii sasa ndiyo njaa. Si ile ya wastani tuliyoandikiwa mwanzo. Mnaona mkono unavyotetemeka? Andikeni hapo. Mtoto huyu amefuzu."

Mama Debora alifunga macho akamshukuru Mungu, maana alimwona ng'ombe anakuja. Nyamizi aliona kile kifundo tu, kilivyokuwa chembamba ndani ya vidole vinene. Akashikwa na hasira, na nusu yake alijielekezea mwenyewe, kwa ajili ya mbuzi, na kwa ajili ya kila mara alipomtuma mtoto huyu na birika kwenda kuwanawisha watu wanaomlia chakula chake. Akaja, akalichukua birika mkononi mwa Kabula. Mkurugenzi akanyoosha mikono ili anawishwe.

Nyamizi akamgeukia mjukuu wake. Akamnawisha Kabula, mkono huu na mkono ule, taratibu, mpaka katikati ya vidole. Akamkalisha kwenye mkeka wa wageni, akafunua chungu, akampakulia wali na paja la kuku. Kisha akawaita watoto walio nje ya turubai. Wakaingia wakichungulia kana kwamba ni mtego, na yeye akamnawisha kila mmoja.

Mama Debora alimshika kanga. "Mama, unatuua. Tulishapata."

"Kula, Kabula," Nyamizi akasema. "Polepole."

Chini ya turubai watoto wakatafuna. Mikono ya Mkurugenzi ilikuwa bado iko hewani, kwa sababu hakuwahi kufundishwa nini hufanyika mikono isiponawishwa.

"Na sisi je, bibi?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya mtu asiye na uhakika kama bado ni mheshimiwa.

"Mlikuja mara ya kwanza mkala," Nyamizi akasema. "Mkaja mara ya pili mkala. Leo ni siku ya tatu, baba."

Akaishia hapo, kama watoto wanavyofundishwa shuleni. Lakini kile kipande kilichofutwa kila mtu alikuwa anakijua, na macho ya wageni wote, bila kuagizwa na itifaki, yakaenda kwenye jembe lililoegemezwa ukutani mwa nyumba.

*

Taarifa ya Mkurugenzi ilikuwa fupi. Watoto wa Nyasimbi wamekutwa wanakula, tena kuku. Uhitaji haujathibitishwa. Aidha, kiongozi wa kikundi amekusudia jembe dhidi ya msafara wa serikali, na kama lingetamkwa angefikishwa mahakamani.

Ruzuku ikapewa kikundi kimoja cha mjini, cha shemeji wa Bibi Leokadia. Kilionekana kuwa na uhitaji mkubwa kuliko vyote, kwani hata watoto hakikuwa nao.

Picha nazo hazikutupwa, maana wizara ile haipotezi kitu. Ile ya Kabula amekaa kwenye mkeka, paja la kuku mkononi, mafuta kidevuni, ilipelekwa ng'ambo kwa wale wazee wa keki, ikiwa na maelezo kwamba hivi ndivyo ruzuku yao inavyowalisha watoto wa Karibuni. Wazee wakaibandika kwenye ukuta wa kanisa lao. Wengine walilia, na wote wakarudi majumbani kuoka zaidi. Hawakuwa wabaya wale. Walichoona kwenye picha kilikuwa kweli kabisa, mtoto anakula.

Mama Debora alikaa muda mrefu bila kumwamkia Nyamizi. Siku moja akaja na kibuyu cha maziwa aliyoyapata kwa kaka yake, akakiweka mlangoni, akasema, "Ya mtoto," akaondoka bila kukaa. Kwa hesabu za Nyasimbi hayo ni maneno mengi.

Wale vifaranga waliofunikwa kwa tenga, wachache waliishi. Kabula yupo. Jioni ile ya Mkurugenzi alimeza dawa zake juu ya wali na nyama, na bibi yake akakaa naye nyuma ya nyumba, amemwekea mkono mgongoni, wakingoja zirudi. Hazikurudi. Siku nyingine zinarudi.

Wimbo wa kukaribisha watoto wa Nyasimbi wameshausahau. Wakiona vumbi la gari linainuka kule barabarani, hukimbilia jikoni na kula kila kilichomo chunguni, hata kama kingali cha moto, na Kabula husimama mlangoni na birika akiwanawisha wenzake haraka haraka, baada ya kunawa yeye kwanza. Habari hizi zimeifikia Wizara ya Uhitaji na kuisikitisha. Kula haraka kunaharibu afya ya mtoto. Timu imeshaundwa kwenda kuchunguza chanzo chake, na inatarajiwa kufika Nyasimbi saa za chakula cha mchana.